Ubao unasema "tangu 1480": umri wa pabu ya zamani ya Uingereza unathibitishwaje?

Msomaji_Kimya

Wakuu, salaam. Naandaa historia fupi ya pabu moja iliyo kwenye barabara kuu ya mji wa soko, kusini mwa Uingereza. Mbele ni ukuta wa matofali mekundu wenye lango pana la magari ya farasi. Nyuma kuna ua na mabanda yaliyokuwa mazizi. Ndani kuna boriti nyeusi za mwaloni zenye mashimo matupu yasiyoshika kitu. Juu ya mlango pameandikwa "tangu 1480", na vipeperushi vya utalii vinaurudia mwaka huo bila hata kimoja kusema umetoka wapi.

Naomba mwongozo kwa wanaojua. Mwaka kama huo unathibitishwa kwa nyaraka gani, na mtu aanzie upande upi? Jina la pabu ni mnyama na rangi yake, kama zilivyo nyingi nyingine. Je, jina lina msaada wowote? Halafu zipo orodha za leseni za karne ya 18 za mji huo, zimejaa majina ya watu na hakuna jina la pabu hata moja. Zinasomwaje hizo?

Karani_wa_Kale

Mkuu, huo mwaka uweke kando kwanza. Ubao wa mlangoni hubebesha namba moja mambo manne: umri wa kiwanja, umri wa jengo, mwanzo wa kuuza pombe pale, na umri wa jina. Kila jambo lina ushahidi wake, na ni nadra yote manne kukutana kwenye mwaka mmoja.

Mfano unaojulikana zaidi uko Nottingham. Pabu ya Ye Olde Trip to Jerusalem imeandika 1189 ukutani, mwaka aliotawazwa Mfalme Richard wa Kwanza. Jengo lenyewe ni la karne ya 17 na baadaye, na jina hilo linaonekana kwenye maandishi kwa mara ya kwanza mwaka 1799. Mapango yaliyochongwa kwenye mwamba nyuma yake ni ya kale kweli, lakini pango si leseni. St Albans nako Ye Olde Fighting Cocks inajivunia mwaka 793, wakati jengo ni banda la njiwa la mbao lenye pembe nane, na kuuza kwake pombe kunaanza kuonekana kwenye kumbukumbu za karne ya 18.

Fanya kazi kwa kurudi nyuma. Ukianzia 1480 kuja mbele utajikuta unachagua kila karatasi inayokubali na kuacha inayokataa. Anza na daftari la wakazi la Septemba 1939, kisha sensa ya 1921, 1911, na kuendelea hadi 1841. Sensa ya 1931 usiitafute, iliteketea kwa moto mwaka 1942. Ya 1941 haikufanyika kwa sababu ya vita. Usiamini namba za nyumba, kwa kuwa mitaa mingi ilipewa namba upya katika karne ya 19. Andika jirani wawili wa kila upande kila mwaka, kisha linganisha. Mwokaji na mtengeneza matandiko ya farasi wakibaki palepale huku namba ya nyumba ikibadilika, basi kilichobadilika ni namba tu.

Sambamba na sensa, soma vitabu vya orodha za biashara, hasa vya Pigot na baadaye vya Kelly. Taarifa zilikusanywa kabla ya mwaka ulioandikwa kwenye jalada, kwa hiyo mwenye pabu aliyefariki anaweza kuendelea "kuuza" bia kwa mwaka mzima.

Sasa leseni. Sheria ya 1552 iliamuru kila mwenye kilabu cha pombe apate ruhusa ya mahakimu wawili wa amani na aweke dhamana ya fedha, yeye pamoja na wadhamini, kwamba hapatakuwa na fujo wala michezo iliyokatazwa. Tangu 1729 leseni zilitolewa kwenye kikao kimoja cha mwaka, ambacho katika sehemu kubwa ya nchi kiliangukia mwisho wa Agosti au Septemba. Sheria ya 1753 ikawalazimisha makarani kutunza daftari la dhamana hizo, na hizo bila shaka ndizo orodha ulizonazo. Mwaka 1828 dhamana zilifutwa na makarani wengi wakaacha kuandika. Kutoka hapo hadi sheria ya 1872, iliyodai daftari la leseni lenye mpangilio, kuna shimo kubwa. Hapo utategemea sensa, magazeti na vitabu vya biashara.

Kuhusu orodha zisizo na majina ya pabu: chora jedwali. Kila mwaka uwe na safu yake, na kila mwenye leseni mstari wake. Mji wenye pabu 14 utakuwa na majina 14, na mwaka hadi mwaka 12 au 13 yatajirudia. Mmoja akitoweka na mwingine akatokea huku wengine wote wakibaki, huyo mpya ndiye mrithi wa yule, yaani nyumba ni ileile. Wajane wengi walirithi leseni, kwa hiyo jina la ukoo likibaki na jina la kwanza likabadilika, tafuta mazishi ya mume kwenye daftari la parokia. Wakibadilika watatu kwa mara moja, usibahatishe, acha pengo.

Ukishapata mlolongo wa watu, ufunge kwenye jengo kwa kutumia orodha za kodi ya ardhi, ambazo kwa kaunti nyingi zipo mfululizo kuanzia 1780 hadi 1832. Zinaonyesha mwenye mali na mpangaji, na mara nyingi majina yamefuata njia ya mkusanyaji mtaani, hivyo jirani watakusaidia tena. Jina moja likionekana kwenye leseni, kwenye kodi ya ardhi, na kwenye tangazo la mnada gazetini linalotaja pabu kwa jina, umefunga fundo.

Hadhari mbili za tarehe. Leseni ya Septemba 1790 haisemi mtu alianza Septemba. Huenda alishika biashara miezi kumi kabla. Na hadi 1751 mwaka wa Uingereza ulianza 25 Machi. Hati ya 10 Februari 1719, kwa hesabu yetu, ni Februari 1720. Watu wameandika kwamba mjane aliuza pabu kabla mumewe hajafa kwa sababu ya kosa hili tu.

Kabla ya 1753 njia inakuwa nyembamba, lakini haikatiki. Kodi ya meko ilitozwa kuanzia 1662 hadi 1689, shilingi 2 kwa kila meko kwa mwaka, na mtu mwenye meko 12 katika mji mdogo hakuwa mshona viatu. Jaribu pia orodha za mali za marehemu. Wathamini walipita chumba kwa chumba wakitaja vitanda, mashuka, vikombe vya bati na mapipa, na kwenye nyumba za wageni vyumba vyenyewe viliitwa kwa majina. Huko Kew, Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa ina hesabu ya Wizara ya Vita ya 1686, namba WO 30/48, inayoonyesha mji kwa mji vitanda vingapi vya wageni na nafasi ngapi za farasi vilipatikana. Haitaji pabu kwa jina, ila inakwambia mji wako ulikuwa kituo kikubwa au kijiji kilichochangamka.

FundiMwaloni

Naongezea upande wa jengo, kwa kuwa karatasi na mbao huwa vinabishana.

Matofali mekundu mbele hayana maana jengo ni la karne ya 18. Miji mingi ya soko ilivalishwa uso mpya wa matofali wakati huo, na mifupa ya mbao ikabaki nyuma. Pima unene wa ukuta wa mbele dirishani, kisha ingia kwenye njia ya lango uangalie ukuta wa pembeni: mara nyingi nguzo za mbao zinaonekana hapo kwa sababu hakuna aliyegharamia kuficha upande usiotazamwa. Baada ya hapo panda darini. Paa ndilo sehemu inayodanganya kidogo kuliko zote. Ukikuta kombamoyo zimepakwa masizi ya moshi, chini yake palikuwa na ukumbi wa moto wa wazi usio na bomba la moshi, na hilo kwa kawaida ni jengo la kabla ya katikati ya karne ya 16. Hakikisha tu masizi yamepaka boriti zote kwa mfuatano. Boriti moja nyeusi kati ya kumi safi imetoka kwenye paa jingine.

Hilo linatufikisha kwenye mashimo yako. Shimo tupu lina maelezo mawili yanayokubalika. La kwanza, palikuwa na ukuta wa kugawa vyumba ukaondolewa: mashimo yatakuwa kwenye mstari, kwa nafasi zinazolingana, na ukitazama boriti ya sakafuni utakuta wenzao. La pili, boriti imetumika mara ya pili: mashimo yatakuwa upande usio na maana, mengine yakitazama nje, na vitundu vya vigingi vitakuwa havishikilii kitu. Tafuta pia alama za maseremala, namba za Kirumi zilizochongwa penye maungio. Namba zikifuatana, fremu hiyo iliunganishwa hapo ilipo. Zikiruka kutoka III hadi XI na kurudi V, jihadhari.

Utaambiwa ni mbao za meli. Kila pabu yenye boriti iliyopinda huambiwa hivyo, hata iliyo kilomita 80 kutoka baharini. Seremala alichagua mti uliopinda kwa sababu kiungo kilidai mpindo, meli haihusiki.

Weusi nao si dalili ya ukale. Mwaloni ukiachwa hugeuka kijivu. Mtindo wa kupaka nyeusi ulienea sana karne ya 19. Halafu kuna ule urembo wa viwanda vya bia vya miaka ya 1920 na 1930, ambapo mbao nyembamba zilipigiliwa juu ya matofali ili nyumba ionekane ya enzi za wafalme wa Tudor, yaani ya karne ya 16. Kuutambua ni rahisi. Hakuna vigingi, hakuna maungio, na ukimulika taa kwa ubavu utaona mikwaruzo ya duara ya msumeno wa mashine. Msumeno wa shimoni wa zamani huacha mistari iliyonyooka yenye nafasi zisizolingana.

Ikiwa kuna bajeti, upimaji wa pete za miaka za mti ndio utakaomaliza ubishi. Fundi hutoboa vipande vyembamba vya mviringo kwenye boriti, nane hadi kumi kwa kila awamu ya ujenzi. Boriti yenye pete chini ya 50 hivi haifai, kwa sababu mfululizo mfupi unaweza kulingana na miaka mingi kwa bahati. Ganda la mti likiwa bado lipo, unapata mwaka mti ulipokatwa, wakati mwingine hata msimu. Likiwa limechongwa lakini mpaka kati ya kiini cha mti na mbao zake changa za nje unaonekana, wataalamu wa Uingereza huongeza kati ya pete 9 na 41, kwa hiyo jibu litakuwa kipindi. Mwaloni ulifanyiwa kazi ukiwa mbichi, basi tofauti kati ya kukata na kujenga ni mwaka mmoja au miwili. Lakini ukitoboa boriti iliyotumika mara mbili utapata tarehe sahihi kabisa ya jengo ambalo halipo tena.

Usikwangue plasta wala kutoboa kabla ya kuuliza. Pabu ya aina hiyo karibu hakika imo kwenye orodha ya majengo yanayolindwa, na kazi inayogusa sura yake bila kibali cha halmashauri ni kosa la jinai. Maelezo ya orodha hiyo yasome kwa makini, ila usiyachukue kama msahafu. Mengi yaliandikwa na mkaguzi aliyesimama barabarani, hajaingia ndani.

Lango: upana wake peke yake hauthibitishi zama za mabasi ya farasi, maana nyumba kubwa za wageni zilikuwa na lango la mikokoteni tangu zamani. Kilele cha safari hizo ni kati ya 1784, gari la kwanza la posta lilipotoka Bristol kwenda London, na miaka ya 1840 reli ilipozimaliza. Ukitaka kuona ua wa namna hiyo, George Inn huko Southwark, London, iliyojengwa upya 1677 baada ya moto, bado ina baraza za ghorofani upande mmoja. Pande nyingine zilibomolewa na kampuni ya reli mwaka 1889.

Mwenye_Bango

Jina lina msaada mdogo, nao ni wa kukanusha zaidi kuliko kuthibitisha. Pabu inayoitwa Royal Oak (mwaloni wa kifalme) haiwezi kuwa na jina hilo kabla ya 1651, mwaka Charles wa Pili alipojificha juu ya mwaloni baada ya kushindwa vitani huko Worcester, na kwa vitendo ni baada ya kurudishwa kwake 1660. Marquis of Granby, jina la jenerali, ni ya baada ya vita vya miaka ya 1760. Railway (reli) haihitaji maelezo.

White Hart ni kulungu mweupe, nembo ya Richard wa Pili, na enzi zake, mwaka 1393, wauza pombe wa London waliamriwa kutundika alama nje ili wapimaji wa pombe wawatambue. Kwa hiyo jina linaweza kuwa la kale hivyo. Linaweza pia kuwa limebandikwa mwaka 1850 na mtu aliyependa kulungu. Kuhusu simba mwekundu (Red Lion), utasimuliwa kwamba James wa Kwanza aliamuru atundikwe kote nchini. Anayesimulia mwambie alete hati ya amri hiyo.

Tatizo kubwa ni kwamba majina huhama. Mwenye pabu akihamia upande wa pili wa barabara, bango lilikwenda naye na wateja wake. Hivyo "Red Lion" ya 1620 na "Red Lion" ya 1820 katika mji mmoja zinaweza kuwa kuta mbili tofauti. Na hilo neno "Ye" linalopendwa kwenye mabango ni kosa la kusoma: lilikuwa "the" iliyoandikwa kwa herufi ya zamani yenye sauti ya "th" iliyofanana na Y, na hakuna aliyeitamka "yi".

Msomaji_Kimya

Nashukuru sana wakuu. Mawili yamebaki. Sensa ya 1841 inamtaja "muuza bia" nyumba ya jirani kabisa, lakini hayumo kwenye orodha yoyote ya mahakimu. Na ukuta wa mbele una alama za milango mitatu, miwili imezibwa. Ilikuwa ya nini kwenye pabu moja?

PipaNaBomba

Muuza bia wako ni mtoto wa sheria ya 1830. Kuanzia Oktoba mwaka huo, mwenye nyumba yeyote aliyelipa kodi za parokia aliweza kwenda kwa watu wa ushuru, akatoa gini mbili (shilingi 42), akapata leseni ya mwaka ya kuuza bia nyumbani kwake bila kumpigia magoti hakimu. Hakuruhusiwa kuuza pombe kali wala mvinyo. Serikali ilitaka watu waache pombe kali iitwayo "gin" warudi kwenye bia, na pia kuvunja nguvu ya viwanda vikubwa. Ndani ya miezi michache sebule maelfu kwa maelfu ziligeuka vilabu. Mlango huo ulifungwa mwaka 1869, nyumba mpya za bia ziliporudishwa chini ya mahakimu. Kwa hiyo kati ya 1830 na 1869 kutokuwemo kwenye orodha ya mahakimu hakumaanishi hapakuwa na pombe. Vitabu vya biashara huwaweka watu hao kwenye kundi lao, jina la mtu na mtaa tu, bila bango. Angalia kama baadaye nyumba hiyo iliunganishwa na pabu yako. Upana wa mbele unaweza kuwa wa majengo mawili.

Milango mitatu ni tabaka za jamii zilizojengwa kwa matofali. Pabu ya enzi za Malkia Victoria ilikuwa vyumba kadhaa vikizunguka kaunta moja. Chumba cha wafanyakazi kilikuwa na sakafu tupu na bei ya chini. Chumba cha wenye nafasi kilikuwa na zulia na bia ileile kwa bei ya juu. Mara nyingi palikuwa pia na kijichumba cha faragha chenye kioo kilichochorwa. Mlango mwembamba kuliko yote huwa wa dirisha la kuuzia bia ya kubeba, ambapo mtu alikuja na jagi lake. Kaunta yenyewe ni jambo la karne ya 19. Kabla yake bia ilitolewa pipani kwenye chumba cha nyuma na kuletwa mezani. Bomba la mkono la kuvuta bia kutoka chini lilipata hataza ya Joseph Bramah mwaka 1797, na likishaingia, mhudumu hana haja ya kukimbia ngazi, anasimama mahali pamoja na kuhudumia vyumba vitatu. Mpango wa jengo ulifuata bomba.

Michoro ya mabadiliko hayo huenda bado ipo. Sheria ya 1902 ilidai mahakimu waidhinishe kila badiliko la jengo lenye leseni, na wenye pabu wakawasilisha ramani. Sheria ya 1904 ikaanzisha mfuko wa fidia, uliochangiwa na wenye leseni wenyewe, wa kuzifunga pabu zilizozidi. Majalada yake yana hesabu za mauzo, ripoti za polisi na wakati mwingine picha. Yote haya hukaa kwenye hifadhi ya kaunti, chini ya kumbukumbu za mahakama ndogo, na wengi hawatazami huko kwa kuwa wanadhani ni kesi za ulevi.

Kisha tafuta uthamini wa ardhi uliofuata sheria ya fedha ya 1910. Uko Kew kwa hatua mbili: kwanza ramani, kundi IR 121 hadi IR 135, inayokupa namba ya kiwanja, halafu kitabu cha uwandani, kundi IR 58, chenye maelezo ya vyumba, hali ya jengo, mwenye mali na mpangaji. Ukiagiza kitabu bila namba ya ramani utapoteza siku nzima ukifunua kurasa. Kwa kuwa uko kusini, hakiki kwanza kama mji wako umo: kumbukumbu nyingi za eneo la Southampton na Portsmouth ziliteketea kwa mabomu ya Vita vya Pili.

Hati za umiliki ni suala chungu. Kufikia mwisho wa karne ya 19 viwanda vya bia vilikuwa vikinunua pabu kwa kasi na kuzifunga kwa mkataba wa kuuza bia yao tu. Hapo hati zilikaa salama kwenye kabati la kiwanda, pengine zikirudi hadi miaka ya 1600. Sheria za ardhi za 1925 zilipunguza haja ya kutunza hati za zamani, na nyingi zikatupwa au kuuzwa kuwa mapambo ya taa. Halafu amri za 1989 zikataka kila kiwanda chenye pabu zaidi ya 2,000 kiondoe mkataba huo kwenye nusu ya pabu zilizozidi idadi hiyo, na pabu kwa maelfu zikapita mikononi mwa kampuni zisizotengeneza bia kabisa. Kabla ya kukata tamaa uliza hifadhi ya kaunti kwa jina la kiwanda, si kwa jina la pabu. Huko ndiko vifurushi vilikoishia.

Usisahau ghala la chini. Jengo la juu likijengwa upya, ghala huachwa, kwa sababu kuchimba upya ni gharama na joto lake tayari liko karibu na nyuzi 11 hadi 13 ambazo bia ya pipa inazihitaji. Angalia mlango wa mapipa kwenye njia ya waenda kwa miguu na mteremko wake. Pipa kamili la galoni 36 ni lita 164 hivi za bia. Halishushwi kwa ngazi ya kawaida. Ukuta wa mawe chini ya nyumba ya matofali ni habari njema. "Njia ya siri ya watawa kwenda kanisani" ni ghala la jirani lililozibwa, au mtaro wa maji.

Karani_wa_Kale

PipaNaBomba kanikumbusha kitu kuhusu 1480 yenyewe.

Kilabu cha kawaida cha wakati huo kisingeweza kuacha mfululizo hadi leo. Pombe ya Kiingereza ya kale haikuwa na hopsi (maua machungu yanayosaidia bia isiharibike), ikachacha ndani ya siku chache, hivyo ilipikwa mara kwa mara majumbani, mara nyingi na wanawake. Leo huyu anatundika fimbo yenye kichaka nje, wiki ijayo jirani yake. Bia yenye hopsi, iliyoletwa kutoka Nchi za Chini (Uholanzi na Ubelgiji za leo) na kuenea Uingereza karne ya 15, ndiyo iliyodumu kiasi cha kumfanya mtu awe na ghala na biashara ya kudumu. Mahakama za manoa, yaani za mabwana wenye ardhi, zilitoza faini wapishi wa pombe chini ya sheria ya bei ya mkate na pombe ya karne ya 13, na faini hiyo kwa kweli ilikuwa ada. Ukikuta jina la mpishi wa 1480, umepata mtu. Hujapata nyumba.

Nyumba ya wageni ni habari nyingine. Ilikuwa na vitanda, mazizi na uwekezaji mkubwa, mara nyingi mali ya abasia (nyumba kubwa ya watawa) au chuo, na hesabu za mwenye mali zimehifadhiwa. Pabu yako ina lango na ua, kwa hiyo tafuta nani alimiliki kiwanja kabla Henry wa Nane hajavunja nyumba za watawa kati ya 1536 na 1540. Ikiwa ilikuwa abasia, daftari zake za kodi ndizo zenye nafasi halisi ya kuwa na mwaka 1480. Nahisi huo mwaka ulitoka huko, na aliyenakili akasoma "kiwanja" akaandika "pabu".

Na usishangae nyumba ya wageni ikikosekana kwenye dhamana za awali. Sheria ya 1552 iliwalenga wenye vilabu. Wenye nyumba za wageni walidai haki yao haihitaji leseni, na ubishi ukafika mbali: mwaka 1617 Giles Mompesson alipewa mamlaka ya kuwauzia leseni, akawakamua hadi Bunge likamshtaki 1621.

Msomaji_Kimya

Ramani ya zamani ya mji inaonyesha kiwanja hicho kikiandikwa shamba la abasia, kwa hiyo naanzia hapo na kwenye kodi ya meko. Kwa sasa kwenye makala niweke mwaka gani?

FundiMwaloni

Weka mwaka wa hati ya kwanza inayoitaja nyumba hiyo ikiuza pombe, na useme ni hati gani. Kipindi cha jengo kiwe kwenye sentensi yake, jina kwenye sentensi yake. 1480 iandike kama ilivyo: mwaka ulio kwenye ubao.